Je, michezo ya fantasi ya kila siku ni kamari? Mhazini wa ligi yetu anaomba ushauri

Mhazini wa Kondele (Kisumu)

Ndugu na dada wa jukwaa hili, naomba mnisaidie kufikiri. Kwa misimu minne sasa nimekuwa mhazini wa ligi ya fantasi ya watu 40 hapa Kisumu, wengi wetu tukiwa walimu, wauguzi na wenye maduka ya Kondele na Manyatta. Tunatumia mchezo rasmi wa Ligi Kuu ya Uingereza, ule usiolipiwa, ambapo kila mtu hupewa pauni milioni 100 za kubuni na kuchagua wachezaji 15, bila kuzidisha watatu kutoka klabu moja, kisha hupata alama kulingana na wanavyocheza katika mechi halisi. Mchezo wenyewe ni bure. Sisi ndio tuliouongezea mchango wa shilingi 2,000 kwa kila mwanachama mwanzoni mwa msimu, na mwezi wa Mei watano wa kwanza hugawana kapu lote la shilingi 80,000. Kumbukumbu za M-Pesa ninazo zote, na sijawahi kukata hata shilingi moja.

Wiki jana mwanachama mmoja alipendekeza tuache utaratibu huu na kuhamia tovuti za fantasi za kila siku. Huko unalipa kiingilio asubuhi, unapanga kikosi cha mechi za siku hiyo peke yake, na usiku unajua kama umepata au umekosa. Alisisitiza kwamba hiyo si kamari, kwa kuwa mshindi hupatikana kwa ustadi, na kwamba hata sheria ya Marekani imekubali hivyo. Mwanachama mwingine, ambaye imani yake haimruhusu kucheza kamari, akajibu kwamba ikiwa hiyo ni kamari basi hata ligi yetu ni kamari, na yeye atajiondoa. Kikao kikavunjika bila uamuzi, na tutakutana tena Jumamosi.

Mimi ndiye ninayeshika fedha za watu, kwa hiyo sitaki jibu la kunifurahisha. Ninaomba jibu la kweli.

Kapteni wa Milimani (Kisumu)

Mhazini, mimi hucheza fantasi ya kila siku na sioni aibu kuitetea. Kamari ni kuweka fedha juu ya jambo usiloweza kulijua wala kulifanyia kazi, kama vile kete au gurudumu la kasino. Katika fantasi mimi hutumia saa mbili kila jioni nikipitia dakika walizocheza wachezaji, mipira ya adhabu nani anapiga, timu gani imechoka kwa mechi za katikati ya wiki, na nani atakabiliana na beki dhaifu. Aliyechagua kwa kubahatisha majina hawezi kunishinda kwa muda mrefu.

Isitoshe, jambo hili limechunguzwa. Watafiti, Peko Hosoi wa chuo cha MIT cha Marekani akiwa miongoni mwao, walichukua matokeo ya wachezaji wa FanDuel, tovuti ya fantasi ya kila siku ya huko, na kuchapisha matokeo ya utafiti wao mwaka 2018. Walipima kama mtu anayefanya vizuri katika nusu moja ya mashindano yake hufanya vizuri pia katika nusu nyingine, jambo ambalo haliwezi kutokea katika kurusha sarafu. Waliona kwamba ustadi upo, na kwamba mpira wa kikapu unaonyesha ustadi zaidi kuliko magongo ya barafu.

Kuhusu sheria, Marekani ilipitisha mwaka 2006 sheria ya kuzuia malipo ya kamari za intaneti, na ndani yake fantasi ilitengwa waziwazi, kwa masharti kwamba zawadi zitangazwe mapema, matokeo yaonyeshe maarifa na ustadi wa washiriki, na ushindi usitegemee timu moja pekee wala mchezaji mmoja katika mechi moja. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois iliamua kwamba pambano la fantasi la watu wawili huamuliwa zaidi na ustadi kuliko bahati. Ninauliza kwa heshima: mkitaka tuite hiyo kamari, mtaiitaje sarafu?

Wakili wa Nakuru

Ndugu Kapteni ameeleza sehemu ya sheria kwa usahihi, lakini ameacha sehemu ambayo mhazini anapaswa kuijua kabla ya Jumamosi.

Sheria ile ya 2006 ilihusu zaidi mabenki na kampuni zinazopitisha malipo. Haikutangaza kwamba fantasi ni halali kila mahali. Ndani yake imeandikwa kwamba haibadilishi sheria yoyote ya taifa au ya jimbo inayokataza, kuruhusu au kusimamia kamari. Pia tazameni tarehe. FanDuel ilianzishwa 2009, na mshindani wake DraftKings 2012. Waliotunga msamaha ule walikuwa na picha ya ligi kama hii ya mhazini, ya marafiki wanaofuatilia msimu mzima, na mashindano ya siku moja yaliingia baadaye kupitia mlango ambao haukujengwa kwa ajili yao.

Ndiyo maana majimbo yamegawanyika. Oktoba 2015 wasimamizi wa Nevada, jimbo lenye uzoefu mkubwa wa kamari kuliko majimbo mengine ya huko, walisema fantasi ya kila siku ni kamari na inahitaji leseni. Mwezi uliofuata mwanasheria mkuu wa New York, Eric Schneiderman, aliziamuru DraftKings na FanDuel ziache kupokea fedha za wakazi wa jimbo lake. Agosti 2016 New York ikatunga sheria ya kuziruhusu na kuzitoza kodi, kisha sheria hiyo ikapingwa mahakamani kwa hoja kwamba katiba ya jimbo inakataza kamari. Mahakama mbili za chini zikawaunga mkono wapinzani. Mahakama ya mwisho ilipoamua tarehe 22 Machi 2022, majaji wanne walisema ni mchezo wa ustadi, na watatu wakakataa. Julai 2025 mwanasheria mkuu wa California, Rob Bonta, akatoa maoni kwamba michezo hii inavunja sheria ya jimbo lake. Mtu asiwaambie wanachama kwamba "Marekani imekubali", kwa sababu Marekani haijazungumza kwa sauti moja.

Sababu ya mgawanyiko ni kipimo kinachotumika. Baadhi ya majimbo huuliza ni kipi kinatawala, ustadi au bahati. Mengine huuliza kama bahati ina nafasi kubwa ya kutosha, hata kama haitawali. Kuna pia mtazamo wa tatu, na huo ndio unaotuhusu sisi zaidi. Uingereza, katika sheria yake ya kamari ya 2005, inasema mchezo wa bahati ni pamoja na mchezo unaochanganya bahati na ustadi. Huko fantasi ya kulipia huendeshwa kwa leseni ya kamari, na DraftKings yenyewe iliomba leseni hiyo kabla ya kufungua milango Uingereza mwaka 2016. Kampuni ile ile iliyosema nyumbani kwao kwamba haihusiki na kamari ilikubali jina hilo ng'ambo ya bahari.

Kenya tulirithi mtazamo wa Waingereza. Sura ya 131 ya mwaka 1966, sheria iliyotusimamia kwa karibu miaka 60, ilieleza kwamba mchezo wa bahati unajumuisha mchezo wa bahati na ustadi vikichanganyika, isipokuwa michezo ya riadha na spoti yenyewe. Mwezi Agosti 2025 Rais alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari iliyochukua nafasi yake na kuunda mamlaka mpya ya usimamizi. Kwa hiyo katika mapokeo yetu ya kisheria, kuthibitisha kwamba ustadi upo hakukutoi katika kamari.

Mwalimu wa Hisabati (Bungoma)

Ninashukuru, Wakili. Ninaomba kuongeza hesabu, kwa sababu naona watu wanabishania neno "ustadi" kana kwamba ni taa ambayo ama imewaka au imezimika. Ustadi ni kiasi, na kiasi hicho huonekana au hufichika kulingana na urefu wa muda unaopimwa.

Tuchukue mchezaji hodari kama Kapteni, na tuseme ustadi wake unampa nafasi ya kushinda mapambano 55 katika kila 100 ya watu wawili. Huyo ni bora kweli kuliko wenzake. Lakini leo usiku, katika pambano moja, bado ana nafasi 45 katika 100 za kushindwa na mtu asiyejua beki wa kushoto ni nani. Akicheza mapambano 38, nafasi ya kumaliza akiwa na ushindi mwingi kuliko hasara ni takriban mbili katika tatu. Akicheza 500, nafasi hiyo inapita 98 katika 100. Ustadi wake ni ule ule katika hali zote tatu. Kilichobadilika ni muda ambao bahati imepewa kuchoka.

Sasa rudini kwenye ligi ya mhazini. Nahodha wako akiumia dakika ya kumi, katika ligi ya msimu mzima umepoteza raundi moja kati ya 38, na bila shaka jambo hilo litampata mwenzako mwezi ujao. Katika fantasi ya siku moja, dakika ya kumi ndiyo mwisho wa fedha yako. Walioufupisha mchezo kutoka miezi tisa hadi usiku mmoja waliipa bahati kiti cha mbele, na ninaamini walijua walichokuwa wakifanya, kwa kuwa mchezo unaoisha leo unaweza kulipiwa tena kesho.

Kuna jambo la pili, nalo ni makato ya mwenye tovuti. Watu wawili wakiweka shilingi 100 kila mmoja, mshindi huwa hapewi 200. Kwa makato ya asilimia 10, ambayo ni ya kawaida katika biashara hii, hupewa 180. Gawanyeni 100 kwa 180 mtaona kwamba ili usipate hasara unahitaji kushinda zaidi ya mapambano 55 katika 100. Mchezaji wetu hodari wa 55 katika 100 atalipa shilingi 10,000 na kupokea 9,900. Ni hodari, anawashinda wengi, na bado anapoteza. Mchezaji wa kawaida, wa 50 kwa 50, atalipa 10,000 na kupokea 9,000. Na yule anayerudisha kila alichopata mchezoni, akianza na shilingi 1,000, kwa wastani atabaki na 349 baada ya raundi kumi. Katika fantasi ya kila siku raundi kumi ni wiki moja na nusu.

Hapo bado hatujaweka kodi. Kwa tovuti za kamari zenye leseni hapa nchini, Sheria ya Fedha ya 2025 inatoza asilimia 5 ya fedha unayoweka katika akaunti na asilimia 5 ya unayoitoa.

Kapteni alitaja utafiti wa MIT, nami ninaukubali. Lakini kuna takwimu nyingine ya miaka hiyo hiyo. Kampuni ya ushauri ya McKinsey ilichambua nusu ya kwanza ya msimu wa besiboli wa Marekani wa 2015, ikakuta kwamba asilimia 91 ya faida ya wachezaji wa fantasi ya kila siku ilichukuliwa na asilimia 1.3 ya wachezaji. Waliofanikiwa walikuwa na programu za kompyuta na waliingiza vikosi kwa mamia. Hiyo inathibitisha ustadi, ndiyo. Inathibitisha pia fedha zao zilitoka wapi.

Mwana wa Shinyalu (Kakamega)

Ninasoma kwa makini, na ninaona tunaweza kuitazama hoja hii kwa macho ya nyumbani. Kwetu Shinyalu na Khayega fahali hupiganishwa asubuhi na mapema, isukuti zikilia, na umati ukiwafuata wenye mafahali. Marehemu mjomba wangu alifuga fahali wa kupigana kwa miaka mingi. Alijua amlishe nini na amtenge lini na wenzake, na alijua fahali wa ukoo upi huvumilia na wa ukoo upi hugeuka nyuma akiguswa pembe. Ustadi wake hakuna aliyeutilia shaka.

Pembeni ya uwanja walikuwapo watu wengine waliojua mafahali karibu sawa na mjomba, ila wao hawakufuga. Walikuja na fedha mfukoni. Walitazama mguu, shingo na jicho, kisha wakawekeana dau. Wazee wetu hawakuwahi kuchanganya watu hawa wawili. Mjomba aliitwa mfugaji. Wale waliitwa wacheza kamari, hata yule aliyebashiri sawasawa kila wiki, kwa sababu baada ya kuweka dau hakuwa na la kufanya ila kutazama nguvu za kiumbe ambacho si chake zikiamua fedha yake.

Na kuna ajua, mchezo wa majirani zetu Wajaluo ambao Mhazini ameukuta Kisumu. Kete zote ziko mbele ya macho ya wachezaji wote wawili, hakuna kilichofichwa, na kila hatua ni ya mkono wako na kichwa chako. Ukishindwa, umeshindwa wewe. Huo ndio mchezo wa ustadi mtupu.

Kwa hiyo swali langu si ustadi ni asilimia ngapi. Ninauliza: baada ya fedha kutoka mfukoni, ni nani anayeamua matokeo? Katika fantasi, saa ya mwisho ya kupanga kikosi ikipita, Kapteni anakaa chini kama sisi sote na kutazama miguu ya vijana walioko Manchester na London, ambao hawajui kama yeye yupo duniani.

Kapteni wa Milimani (Kisumu)

Mwana wa Shinyalu, mfano wako ni mzuri na umenigusa, lakini ukiufuata hadi mwisho utawakamata wengi wasio na hatia. Mvuvi wa Dunga hutia mafuta katika injini kwa fedha yake, hutumia ujuzi wa baba yake kusoma upepo, kisha ziwa ndilo linaloamua. Mkulima wa mahindi wa Kitale hununua mbegu na mbolea, na mvua si yake. Aliyenunua hisa Nairobi anatazama kampuni asiyoiendesha. Je, wote hawa ni wacheza kamari?

Kwa upande wa hesabu za Mwalimu, ninakubali kwamba makato yapo. Hata sinema ina kiingilio. Ninalipia burudani na heshima ya kuwa sahihi.

Mwalimu wa Hisabati (Bungoma)

Kapteni, mvuvi akirudi na samaki, samaki hao hawakuwa sokoni asubuhi. Mkulima akivuna, kuna magunia ambayo hayakuwapo. Wote wawili wanaweza kufanikiwa mwaka mmoja. Katika pambano lako hakuna kilichoongezeka: shilingi 200 ziliingia na 180 zikatoka, na ili wewe upate 80 ni lazima mwingine akose 100. Hisa nazo hubeba sehemu ya biashara inayozalisha kitu, ingawa ninakiri kwamba wapo wanaozinunua na kuziuza kwa saa moja, na hao mimi huwaweka karibu zaidi na meza yako kuliko na shamba.

Ninakuomba jambo moja, si kwa kukutega. Tovuti hizo huhifadhi historia ya kila shindano ulilolipia. Ifungue, ujumlishe ulicholipa na ulichopokea, utuletee namba hizo hapa.

Mzazi wa Lurambi (Kakamega)

Samahani kwa kuingia katika mazungumzo ya wataalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu na sikuwahi kujua fantasi ni nini hadi mwaka jana, mwanangu wa pili, mwenye umri wa miaka 21, alipotumia karo ya muhula katika tovuti moja ya aina hii. Ilikuwa shilingi 18,500, na ziliisha kwa majuma matatu, mia mbili mia mbili, usiku usiku, sisi tukidhani anasoma.

Sitaki kusimulia mengi, ila ninataka mjue neno lililomshika. Tangu utoto nimewaonya wanangu kuhusu kubeti, nao walisikia. Kaka yake mkubwa hajawahi kuweka dau hata la shilingi kumi. Huyu naye alikuwa akiniambia kwa moyo mweupe, "Mama, hii si kubeti, ni hesabu." Aliamini hivyo. Alikuwa na daftari lenye majina na alama za wachezaji, lililoandikwa vizuri kuliko madaftari yake ya chuo.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Aliyepoteza katika bahati nasibu hulaumu bahati, na siku moja huchoka nayo. Aliyepoteza katika kitu alichoambiwa ni ustadi hujilaumu yeye, kisha hurudi ili ajirekebishe. Kila hasara mwanangu aliiona kama kosa dogo lililobaki: angemchagua huyu badala ya yule, angesubiri habari za majeruhi. Usiku ule wa mwisho aliweka yote yaliyobaki kwa sababu, alivyoniambia, hatimaye alikuwa ameelewa.

Kapteni, mwanangu, sikulaumu. Ninaomba tu kwamba unapowaeleza vijana, usiwaambie si kamari. Wakiambiwa ni kamari angalau wataingia wakijua ni nini.

Wakili wa Nakuru

Pole sana, Mama. Ulichokisema kina uzito kuliko hukumu nilizotaja.

Hata huko Marekani, mwaka 2016 kampuni zile mbili zilikubali kulipa jimbo la New York dola milioni 12, yaani milioni 6 kila moja, kumaliza madai kwamba matangazo yao yaliwapa wachezaji wa kawaida picha ya uongo kuhusu nafasi zao za kushinda. Mwaka uliotangulia mfanyakazi wa DraftKings alikuwa ameshinda dola 350,000 katika FanDuel, na ingawa kampuni yake ilisema hakutumia taarifa za ndani, watu waliuliza kwa haki: mchezaji wa kawaida anashindana na nani hasa? India nayo, iliyokuwa na mamilioni ya wachezaji wa tovuti ya fantasi ya Dream11 na mahakama zilizokwisha kusema kwamba mchezo huo ni wa ustadi, ilitunga sheria Agosti 2025 ya kupiga marufuku michezo yote ya fedha mtandaoni, iwe ya ustadi au ya bahati. Bunge halikupinga kwamba ustadi upo. Liliangalia madhara.

Mhazini, sasa nikujibu kuhusu ligi yako, kwa sababu naona wote wamekuhurumia na kuikwepa. Mtu analipa fedha, matokeo yanategemea kwa sehemu bahati, na kuna zawadi ya fedha. Vitu vyote vitatu vipo. Ndugu yenu mwenye imani yake hakukosea. Tofauti yenu na tovuti ni kubwa: hakuna anayekata, mtu hulipa mara moja tu kwa mwaka, hawezi kuongeza dau usiku akiwa na hasira, na mnajuana kwa majina. Hizo ni tofauti za madhara, na ni za maana sana. Jina, hata hivyo, ni lile lile.

Mhazini wa Kondele (Kisumu)

Wakili, nimesoma aya yako ya mwisho mara tatu. Ilinichoma, kisha ikanipa nafuu, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikiiogopa.

Nitakachopeleka Jumamosi ni hiki. Kwanza, tovuti za kila siku hatuendi, na nitaeleza sababu kwa hesabu ya Mwalimu na kwa maneno ya Mama wa Lurambi, iwapo ataniruhusu kuyasoma bila kutaja anakotoka. Pili, nitapendekeza mchango wa shilingi 2,000 usigawanywe tena kwa washindi. Tununue kombe moja la kuzunguka, na kiasi kitakachobaki kiwe akiba ya wanachama watakaofiwa au kulazwa, jambo ambalo kwa sasa tunalifanya kwa kuchangishana dharura. Wapo watakaosema mchezo utapoa. Inawezekana. Mimi nimekuwa wa 31 kati ya 40 kwa misimu miwili mfululizo na sijawahi kukosa kupanga kikosi.

Mzazi wa Lurambi (Kakamega)

Yasome, mwanangu. Hata mahali pataje.

Kapteni wa Milimani (Kisumu)

Mwalimu aliniomba namba, na nimechukua siku mbili kuzileta kwa sababu niliona afadhali nizihesabu mara mbili.

Tangu nianze nimecheza mapambano 160 ya watu wawili, yote ya shilingi 100. Nimeshinda 87 na kushindwa 73. Kwa kweli nilijua ninashinda zaidi ya ninavyoshindwa, na hilo ndilo nililokuwa nikiwaambia watu wote, hapa na kazini. Nimelipa shilingi 16,000. Nimepokea 15,660.

Katika mapambano hayo hayo 160, mwenye tovuti alikata shilingi 20 kila mara. Hizo ni 3,200, na yeye hakuchagua mchezaji hata mmoja.

Mhazini, ninaomba kujua kikao kinaanza saa ngapi.

Mhazini wa Kondele (Kisumu)

Saa nane mchana, ukumbi ule ule nyuma ya soko. Njoo na karatasi yako.